Siku Mtaa Ulipooshwa Rangi

Kama wiki nzima umekosa raha ukijiuliza Afisa wa halmashauri alitamka neno gani aliposhuka kwenye gari, vuta kiti. Neno lenyewe lilikuwa hili:

"Mmeharibu."

Mama Pindo, fundi cherehani wa duka namba saba na mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alikuwa amesimama mbele ya wenzake akitabasamu mpaka magego. Tabasamu likamganda usoni.

"Tumeharibu nini, dada yangu?"

"Kila kitu."

Afisa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, faili kwapani, kamera shingoni. Alitazama safu ya maduka kumi, kuanzia kwa kinyozi hadi duka la vitambaa la mwishoni. Kuta nyeupe pe. Milango ya samawati. Hata ngazi zilikuwa zimepigwa deki.

"Ruzuku hii ni ya kuboresha mitaa ya biashara iliyochakaa," alisema. "Nimekuja kupiga picha za uchakavu. Hebu nionyesheni, hapa pamechakaa wapi?"

Kinyozi alijikuna kichwa, na ni mara chache sana kinyozi kujikuna kichwa mbele ya wateja.

Kwa wewe uliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, habari ni fupi. Safu yote ni jengo moja, na jengo ni la Mzee Kufuli, tajiri wa makufuli mwenye mkono wa birika, ambaye kwa miaka kumi na mitano hajapigilia hapo hata msumari. Aliwaambia wapangaji wake waziwazi: halmashauri ikitoa ruzuku ya ukarabati, mtabaki; isipotoa, mwisho wa mwezi napageuza ghala la saruji. Kwa Mama Pindo hiyo ingekuwa kumwaga unga. Duka namba saba ndilo lililosomesha wanawe watatu, na hana jingine.

Na wazo la kupaka rangi lilikuwa la nani? La Mama Pindo mwenyewe! Aliposikia mgeni anakuja Jumatatu, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu hufanya akisikia mgeni anakuja. Alisafisha. Jumamosi na Jumapili mtaa mzima uliziba nyufa kwa magazeti yaliyolowekwa (msiniulize magazeti gani), kisha Fundi Rangi akapita juu yake na brashi kutoka mlango wa kwanza hadi wa kumi.

"Lakini palikuwa pabaya!" kinyozi alilalama. "Haki ya Mungu, palikuwa pabaya mno!"

"Kamera yangu haipigi picha za juzi," Afisa alijibu. Akatazama saa. "Faili linafungwa leo saa sita kamili mchana. Sasa hivi ni saa nne na nusu. Na mlango mmoja ukikosa kasoro, safu nzima imekosa. Hayo si maneno yangu, yameandikwa."

Wenzake tisa walikuwa wanamtazama Mama Pindo, na hakuna aliyekuwa anamtazama kwa mapenzi.

Akapiga moyo konde. Miaka ishirini na miwili amekuwa akiwageuzia wateja nguo ndani nje ili waone ushonaji wake. Kwa nini asiugeuze mtaa?

"Twendeni nyuma!" alisema. "Nyuma hatukugusa hata kidogo."

Wakazunguka mbio. Nyuma kulikuwa kubaya kwa kuridhisha. Mifereji ya paa ilining'inia, plasta ilikuwa imebanduka, na kwenye dirisha moja palipigiliwa ubao wa kabati badala ya kioo. Kinyozi karibu apige vigelegele.

"Pabaya kweli," Afisa alikiri. "Hongereni. Lakini ruzuku ni ya upande wa mbele, wanakopita wateja. Huku hakumo."

Wakarudi mbele shingo upande. Saa nne na dakika arobaini.

"Basi tuikwangue rangi," alisema muuza viatu.

"Uikwangue?" Kinyozi alimcheka. "Rangi ya mafuta, daraja la kwanza? Si Fundi Rangi alituapia haitoki miaka kumi? Tutakwangua mpaka wajukuu zetu waje kutupokea zamu."

Hapo ndipo Mama Pindo alipomwona Fundi Rangi. Alikuwa amejibanza nyuma ya ngazi yake, jasho linamtiririka, na jua lilikuwa bado halijachachamaa.

"Wewe, hebu njoo."

"Nipo hapa hapa, mwenyekiti. Naangalia ngazi."

"Njoo, nimesema."

Fundi Rangi alijikongoja. Akameza mate. Kisha akaongea na vidole vya miguu yake.

"Inatoka," alisema.

"Nini inatoka?"

"Rangi. Ukimwagia maji inatoka." Sauti ilizidi kupungua. "Si ya mafuta, mama. Ni chokaa. Chokaa na... maji mengi. Ile ya milangoni nimetia buluu ya kufulia."

Nusu dakika nzima mtaa ulikuwa haujui umshike umpige au umshike umbusu. Muuza viatu alikuwa tayari amevua kimoja. Kinyozi alimpokonya kile kiatu.

"Mwache! Mwizi huyu ametuokoa!"

"Ndoo!" Mama Pindo alipiga kelele. "Kila mtu ndoo na tambara! Tuoshe!"

Ndugu msomaji, umewahi kuona watu wazima wakifurahia uchafu? Kinyozi alirusha maji ukutani kwa beseni la kunyolea, chokaa ikateremka yote kwa mkupuo, na gazeti lililolowa likachomoka kwenye ufa na kumwangukia begani. Ufa ulikuwa mpana kiasi cha kupitisha kitana. Akapitisha kitana, na Afisa akapiga picha.

"Wa kwangu unapitisha mkono!" muuza viatu alijibu mapigo kutoka mlango wa pili.

"Wako umeuchokonoa sasa hivi, nimekuona!"

"Mimi? Ufa huu una umri mkubwa kuliko mwanangu wa kwanza! Mama Afisa, njoo huku, achana na huyo wa kitana!"

Watu ambao kwa miaka kumi na mitano walikuwa wakifunika kasoro zao kwa kalenda, mapazia na matangazo ya soda sasa walikuwa wanagombania nani kwake kumeoza zaidi. Fundi redio alining'inia kwenye kingo ya baraza ili ionekane inavyocheza. Mwenye duka la vyombo alileta sufuria tatu na kuzipanga mahali hasa paa linapovuja, na akamweleza Afisa kila moja hujaa kwa dakika ngapi. Wapita njia walisimama wakaanza kushangilia. Afisa, aliyekuja na uso wa ofisi, alikuwa anacheka mpaka anafuta miwani.

Saa tano na nusu, milango minane ilikuwa imepita. Ilibaki wa kumi na wa saba.

Wa kumi ni wa Shangazi.

Shangazi huyu ni shangazi wa damu wa Mama Pindo, dada wa marehemu baba yake, na ndiye mwenye duka la vitambaa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, miguu pamoja, na hajashika ndoo.

"Shangazi, bado wewe."

"Bado nini? Kwangu hakuna kasoro."

"Shangazi, tafadhali. Mlango mmoja ukikosa..."

"Nimekaa hapa miaka arobaini na moja, mwanangu. Duka langu halina kasoro na halijawahi kuwa nayo. Kama mnataka uchakavu, kapigeni picha vichwa vyenu."

Mama Pindo alipiga magoti mbele ya kigoda. Hakujali watu.

"Shangazi, namba saba ikifungwa mimi nakwenda wapi? Nirudi nyumbani nikamtazame nani? Nakuomba kama mzazi."

Shangazi akanyanyuka, akaiendea nguzo ya baraza iliyosimama mbele ya duka lake. Nguzo hiyo imevishwa satini ya waridi tangu watu waijue, na mtaa mzima unaamini ni pambo. Akashika ncha ya kitambaa, akaanza kukizungusha. Satini ikateremka, mita baada ya mita.

Ndani hapakuwa na nguzo. Mchwa walishaimaliza. Palikuwa na mpini wa jembe, vipande viwili vya mbao, na kamba ya katani iliyofungwa mafundo saba.

"Tangu lini?" Mama Pindo alinong'ona.

"Mwaka wa tisa huu. Wewe ulidhani kwa nini sipendi watu waegemee?" Shangazi akamgeukia Afisa na kidevu juu. "Piga picha haraka. Na nisionekane."

Kelele zilizopigwa hapo ziliamsha mbwa wa mtaa wa pili. Kinyozi alimkumbatia Shangazi bila ruhusa, akapigwa kofi la mkono, na akacheka zaidi.

Ilibaki namba saba.

Sasa nikuambie kitu. Mama Pindo alikuwa amewashikisha wote ndoo, lakini ya kwake ilikuwa bado imejaa. Chini ya dirisha lake kuna ufa mkubwa ambao alikuwa akimficha Mzee Kufuli, kwa sababu mzee aliwahi kusema mpangaji anayeachia ukuta upasuke atahama. Alijikaza kisabuni, akanyanyua ndoo, akamwaga.

Ufa ukaonekana, kutoka dirishani hadi chini. Afisa alipiga picha tatu.

"Vizuri sana, mama mwenyekiti. Na hakuna kingine kilichofichwa humu? Sema sasa, tumalize."

Kilikuwepo. Mkanda wa cherehani yake ulikatika Jumanne iliyopita, naye aliufunga kwa uzi wa jinzi na hakumwambia mtu. Fundi mzima, mwenyekiti wa kamati, anashonea mkanda wenye fundo! Wateja wangesemaje? Lakini mkanda si ukuta, na halmashauri haitengenezi cherehani.

"Hakuna kingine," alisema, na kwa aibu akazidi kusugua ukuta kwa nguvu.

Akasugua mpaka chokaa ya Fundi Rangi ikaisha. Chini yake palikuwa na chokaa nyingine ya zamani. Nayo ikaanza kutoka. Na chini ya hiyo yakatokea maandishi.

Kwanza herufi moja nyeusi. Kisha tatu. Watu wakasogea.

"Mnafanya nini na jengo langu?"

Kila mtu alimjua kabla ya kugeuka, kwa mlio wa funguo. Mzee Kufuli alikuwa ameshuka kwenye gari lake akiwa na suti, furushi la funguo mkononi, na nyuma yake mtu mwenye futi ya kupimia milango ya ghala.

"Mzee, tumefuzu!" Mama Pindo alimkimbilia, mikono inadondosha maji. "Milango yote kumi! Imebaki sahihi yako tu."

"Sitii."

"Lakini uliahidi..."

"Niliahidi wakitoa. Naona bado hawajatoa." Akampungia mtu wa futi. "Anza na hiyo namba saba."

Mtu wa futi alisogea hadi ukutani, akasimama, akainamisha kichwa. "Mzee, hapa kuna maandishi."

Mzee Kufuli alitazama. Funguo zikamtoka mkononi, zikalia kwenye ngazi moja baada ya nyingine mpaka chini. Hakuna aliyeziokota.

Ukutani, kwa herufi nyeusi zilizochorwa kwa mkono wa subira, paliandikwa: USHONAJI. MAMA NA MWANA.

"Hapa palikuwa kwa nani?" Afisa aliuliza.

"Kwa marehemu mama yake huyu," alisema Shangazi akimwelekezea Mzee Kufuli kidevu, maana ndiye pekee mwenye kuyakumbuka hayo. "Hakuna harusi iliyopita mjini hapa bila mkono wake."

"Na huyo mwana?"

Macho yote yakamwendea Mzee Kufuli. Mzee alitoa kitambaa akajifuta shingo. Akatazama suti yake, kisha viatu vyake, kisha ukuta.

"Mimi," alisema. "Mwana ni mimi."

Akaeleza kwa sauti ambayo mtaa haukujua kama anayo. Alianza kushona akiwa na miaka tisa. Shuleni walimcheka, wakampa jina la Kola, mvulana anayeshona magauni. Mama yake alipofariki, alifunga duka, akaingia biashara ya makufuli, na akapaka ukuta huo yeye mwenyewe kwa mkono wake ili asiyaone tena hayo maneno.

"Kwa chokaa ya bei ya chini," Fundi Rangi alinong'ona akiutazama ukuta kitaalamu. "Ndiyo maana imetoka."

Mama Pindo alimhurumia moyoni. Mzee mwenye mkono wa birika, adui wake wa miaka yote, alikuwa analia hadharani bila kujificha. Aliingia ndani akamletea kiti na maji ya kunywa.

Mzee alikunywa. Akapenga kamasi. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo fomu."

Akatia sahihi! Akatia kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hakuna ghala, hakuna saruji, safu nzima imepona. Kinyozi alimbeba Fundi Rangi mabegani, Fundi Rangi akilia kwamba anaogopa urefu, kana kwamba hakai kwenye ngazi maisha yake yote. Mama Pindo alishika ukuta wake uliopasuka, akaubusu.

"Tulieni, kimebaki kipengele kimoja," alisema Afisa. "Kila mlango, mwenye jengo aandike biashara itakayokuwepo na jina la fundi wake. Tisa ameshaziandika mkishangilia. Hii ni ya namba saba."

Mzee Kufuli akaandika. Mama Pindo, kwa furaha, alichungulia juu ya bega lake.

Biashara: ushonaji. Safi.

Jina la fundi...

"Mzee," alisema polepole, "umekosea. Hapo umeandika jina lako."

"Sijakosea." Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na uso wa mtoto aliyerudishiwa kitu chake. "Nimeyakimbia maneno yale miaka arobaini, mwanangu. Nataka nirudi nikae hapa. Wewe ni fundi hodari, nitakutafutia pengine."

"Pengine wapi? Miaka ishirini na miwili niko hapa!"

"Na mimi nimezaliwa hapa."

Furaha yote ikasimama kwenye kizingiti. Wote wamepona, isipokuwa yeye aliyewaponya.

"Andikeni wawili," kinyozi aliomba.

"Nafasi ni ya jina moja," Afisa alisema, na sauti yake ilionyesha anaona uchungu. "Na ni saa sita kasoro robo."

Ndipo Shangazi alipoingia katikati yao na mkasi mkononi.

"Basi washone," alisema. "Kola moja kila mmoja, mbele ya mtaa. Nitaikagua mimi. Mwenye kola nzuri, jina lake. Na msiniambie nitampendelea mpwa wangu. Nimemkatalia mshono mbovu tangu yuko msichana."

Mzee Kufuli alivua koti. "Nimekubali."

Mama Pindo alimtazama mzee mnene wa miaka sitini na kitu, mikono imezoea vyuma, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka kwa raha. Miaka arobaini hajagusa sindano! "Nimekubali," alisema.

Wakaingia. Mzee alikwenda moja kwa moja pembeni, akaondoa pasi na furushi la vitambaa juu ya cherehani nzee ambayo Mama Pindo aliikuta humo na siku zote aliifanya meza. Akaipangusa kwa kiganja. Akachukua uzi, akaupitisha tunduni mara moja, bila miwani.

Kicheko cha Mama Pindo kikapungua.

"Kona ya kola huitoi kwa ncha ya mkasi," mzee alisema, kama anayejisemea. "Unatega uzi ndani, unaivuta. Mama alinichapa mpaka nikaelewa."

Kikaisha kabisa. Kona kwa uzi! Hiyo ni siri ambayo yeye mwenyewe aliipata mwaka wa kumi wa kazi. Huyu si mzee wa makufuli. Huyu ni fundi.

Madirisha yalijaa vichwa. Shangazi alikata vipande viwili vya kitambaa cheupe, sawasawa, akampa kila mmoja chake. Afisa aliinua saa yake.

"Dakika kumi na moja. Anzeni!"

Cherehani nzee ikaguna, ikakohoa, ikashika mwendo. Mama Pindo akaweka kitambaa chini ya mguu wa cherehani yake, akavuta pumzi, akakanyaga.

Ta!

Gurudumu lilizunguka nusu, likasimama. Mkanda ulimlalia juu ya kiatu, na uzi wa jinzi ukining'inia pande zote mbili. Mtaa mzima ulikuwa umeanika kasoro zake tangu asubuhi kwa amri yake, na moja tu haikuwa imeanikwa.

Afisa aliinama, akauokota mkanda kwa vidole viwili, akalitazama lile fundo.

"Mama mwenyekiti," alisema, "si nilikuuliza kama kuna kingine?"